Mtumiaji Ana Ruhusa

Eulalio aliingia bila kubisha hodi, kompyuta kaikumbatia kifuani na waya zikiburuzika nyuma, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Ña Obdulia, Bi. Obdulia kwa wasio wa huku, kama vile aliyekaa pale ni kabati. Alisema habari za asubuhi akiwa tayari ameinama chini ya meza, anatafuta soketi ya umeme.

"Nzuri, kompadre," Ña Obdulia alijibu. "Umepotea njia, au?"

"Nimeagizwa, komadre."

"Najua umeagizwa. Ungekuja bila kuagizwa ningezimia."

Eulalio akacheka kidogo kule chini. Alikuwa fundi wa kompyuta wa manispaa ya San Onofre, mtu wa makamo mwenye kitambi na aibu nyingi, na Ña Obdulia ndiye aliyembeba binti yake Mabel siku ya ubatizo, tangu hapo wakaitana kompadre na komadre. Huku kwetu jambo hilo halifi. Watu watagombania shamba, watarushiana matusi wakati wa kura, lakini aliyekubebea mtoto kwa padri ni ndugu yako mpaka kaburini. Ndiyo maana katika yote aliyofanyiwa Ña Obdulia tangu meya mpya aingie, lililomuuma zaidi ni kwamba Eulalio hakuwahi kukanyaga chumba hiki hata kwa bahati mbaya.

Chumba chenyewe watu walikiita friza. Kilikuwa mwisho wa ua, nyuma ya stoo ya majeneza ambayo manispaa huwapa maskini, na kwa sababu paa lake lilikuwa bati tupu, kufika saa tano mtu alikuwa anaiva. Kila meya anapobadilika huwa kuna wa kupelekwa friza: waliomfanyia kampeni aliyeshindwa, na wengine kama Ña Obdulia ambao hawakumfanyia yeyote, kosa ambalo pande zote mbili hazilisamehe. Mtumishi wa muda mrefu hafukuzwi, sheria inamlinda. Basi anapewa meza na kiti, ananyimwa kazi. Asubuhi anaweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio, anakaa, jioni anaweka tena. Akitoka kabla ya hapo, katoroka. Akichoka, aandike barua ya kuacha kazi kwa hiari yake. Na wengi huchoka, maana kukaa bure kunachosha kuliko kulima.

Ña Obdulia hakuwa na ruhusa ya kuchoka. Akiacha kazi kabla ya kustaafu, bima inakwenda nayo, na bima ndiyo iliyokuwa inamlipia dawa na mazoezi mumewe Cirilo, aliyepigwa na kiharusi upande wote wa kulia. Kwa hiyo alikuwa amefanya jambo ambalo hakuna mtu wa friza aliyewahi kulifanya: alipeleka malalamiko kwa wakaguzi wa kazi wa mji mkuu. Alitaka arudishwe kwenye dawati la watoto, alikokuwa akiwasikiliza akina mama wa wilaya nzima tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mkaguzi alikuwa anakuja kesho. Ndiyo sababu ya kompyuta.

"Haya, tujaribu," Eulalio alisema akifuta jasho. "Andika jina lako, halafu neno la siri. Nimekuwekea la muda, ulibadilishe."

"Jina langu si mlilifuta Desemba?"

"Limerudi leo."

Aliandika kwa vidole viwili. Kioo kikafikiri, kikafunguka. Eulalio akamwelekeza kwenye hifadhi ya mtandao, pale zinapokaa nyaraka za ofisi zote, na Ña Obdulia akajikuta anasogeza kiti mbele kama mtu aliyesikia sauti ya mtoto wake nje. Lakini folda iliyofunguka ilikuwa moja tu. Ilikuwa na jina lake, na ndani haina kitu.

"Ya dawati la watoto iko wapi?"

"Hiyo haimo kwenye agizo, komadre. Agizo linasema mtumiaji awe na folda, aweze kuhifadhi na kuchapisha. Basi."

"Kwa hiyo mmenipa shamba mkaninyima jembe na mbegu."

"Hebu andika kitu, tuone kama kinahifadhika."

Akaandika tarehe. Ikahifadhika. Wakafunga, wakafungua tena, tarehe ikawepo. Eulalio akamwambia abonyeze alama ya printa. Ña Obdulia akabonyeza, akatazama huku na huku kwa sababu chumbani hamkuwa na printa.

"Inatoka ukumbini," Eulalio alisema, akakimbia kwenda kuangalia. Baada ya muda sauti yake ikasikika toka katikati ya ua: "Imetoka! Safi kabisa!" Lakini karatasi hakuja nayo. Alirudi mikono mitupu kukusanya bisibisi zake.

"Kompadre," Ña Obdulia alimwambia, "kesho mkaguzi akikuuliza ruhusa hii nimepewa lini, utamjibuje?"

Eulalio alishughulika na zipu ya mfuko wake. "Ya kesho usiniulize leo."

"Nakuuliza leo ili kesho nisidondoke mbele za watu."

"Unajua mimi ni wa mkataba. Wa mkataba hana friza, komadre, ana mlango tu. Na Mabel ndiyo kwanza kaanza masomo ya uuguzi." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Nitaona. Nitaona la kufanya."

Ña Obdulia aliyashika maneno hayo kama mtu aliyeahidiwa. Mwenye kiu hachagui kisima.

*

Saa nne aliamua kwenda kuichukua karatasi yake mwenyewe. Ilikuwa saa ya tererê, chai yetu ya majani inayonywewa baridi, na ukumbini walikuwa wamekaa duara kama kawaida, jagi la maji ya barafu sakafuni, pembe la ng'ombe lenye majani likizunguka mkono kwa mkono, kila mmoja akivuta kwa mrija uleule wa chuma. Walikuwa wanacheka. Alipoingia, kicheko kikakatika.

"Msisimame," alisema, ingawa hakuna aliyesimama. "Nimefuata karatasi yangu."

"Karatasi gani, Ña Obdu?" aliuliza Zunilda wa mapato, ambaye zamani hakuwa anakunywa chai bila yeye.

"Iliyotoka kwenye printa sasa hivi."

Wakatazamana. Ikaonekana chini ya jagi, imelowa, mduara wa maji umeketi juu ya tarehe. Mmoja aliinua jagi, mwingine akaivuta karatasi na kumpa akiishika kwa ncha ya vidole. "Tulidhani ni taka," akasema, na kweli hakuwa na ubaya moyoni. Pembe lilikuwa limefika kwa aliyekaa karibu na mlango. Akamwonea haya Ña Obdulia, akataka kumnyooshea, kisha akamtazama Zunilda, akampa wa pili yake.

Ña Obdulia alirudi friza. Tererê yake aliyoibeba toka nyumbani aliinywa peke yake, ameupa mlango mgongo, kwa sababu huku kwetu anayekunywa peke yake huonewa huruma kama anayeongea peke yake. Aliwaza kwamba afadhali wangemtukana. Tusi angalau linakuwa na mwenyewe.

*

Nyumbani, jirani yao Ña Pabla alikuwa amekwisha kumlisha Cirilo muhogo uliopondwa na mchuzi, akawa anajifunga kitambaa aondoke.

"Mumeo leo kakataa kulala mchana," alishtaki. "Anasema anakusubiri wewe na habari za ofisi. Mimi habari zangu anasema za kuku tu."

"Ni za kuku kweli," Cirilo alisema toka kitandani. Maneno yalimtoka yamelegea upande mmoja, lakini ulimi wa dereva wa malori haufi haraka. "Kaa, Obdu. Leo nani kaja?"

Hapo ndipo ulipokuwa mzigo mwingine, ambao hata padri hakuujua. Tangu Desemba Ña Obdulia hakumwambia mumewe kuhusu friza. Siku ile ya kwanza daktari alikuwa amesema mgonjwa asishtuliwe, basi alipoulizwa ofisini vipi, akasimulia mama mmoja aliyetoka mbali kudai matunzo. Kesho yake akasimulia mwingine. Kufika Machi alikuwa na wilaya nzima ya akina mama wasiokuwepo, na Cirilo, ambaye ulimwengu wake ulikuwa dirisha na kuku wa Ña Pabla, aliwafuata mmoja mmoja, akiwatetea na kuwalaani waume zao.

Siku hiyo hakuwa na nguvu ya kubuni. "Leo fundi ameniwekea kompyuta mpya," akasema.

Lilikuwa jambo la kweli la kwanza kumwambia baada ya miezi, na uso wa Cirilo ukachangamka upande ule uliokuwa bado unachangamka.

"Umesikia, Pabla? Kompyuta mpya! Wenzake wanaozea kwenye yale makopo ya zamani, yeye mpya! Huyo meya nilimdhania mjinga."

"Hongera, jirani," alisema Ña Pabla.

Ña Obdulia alienda jikoni kuosha sahani ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

*

Mkaguzi aliitwa Doktora Cantero, maana kwetu hata wakili ni daktari. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haraka ya mtu anayetaka kuwahi basi, na hakuwa mbaya. Tuseme haki: alimpa Ña Obdulia mkono, akamwomba aketi, akamsikiliza bila kumkatiza. Mbele ya mlango alisimama Ovelar, mkuu wa utumishi, shati jeupe limenyooka, tabasamu limenyooka zaidi. Nyuma yake alikuwa Eulalio.

"Bi. Benítez unalalamika kwamba umenyimwa nyenzo za kazi," Doktora Cantero alisema, akisoma kwenye simu yake. "Meza unayo. Kiti unacho. Kompyuta naiona. Unaweza kuingia?"

"Naweza, Doktora. Tangu jana."

"Ingia, tafadhali."

Akaingia. Akafungua folda.

"Sasa andika chochote, uhifadhi, halafu uchapishe."

Vidole vya Ña Obdulia vilikaa juu ya vitufe. Tangu Desemba hakuna aliyemwambia aandike chochote. Akaandika: *Mimi Obdulia Benítez nakaa humu kutwa nzima na hakuna anayenipa kazi wala anayenisemesha.* Akahifadhi, akabonyeza printa. Wote wakangoja. Safari hii karatasi haikulowa. Zunilda mwenyewe aliileta mbio, kaishika kwa mikono miwili kama sahani ya mgeni, akampa mkaguzi.

Doktora Cantero akaisoma. Aliisoma mara ya pili, na Ña Obdulia akaona kitu kimepita usoni mwake, akajiambia haya, sasa. Mkaguzi akaigeuza karatasi, akatazama nyuma, akaigeuza tena.

"Imetoka vizuri," akasema, na kuandika kwenye simu yake.

"Doktora, hayo yaliyoandikwa ndiyo malalamiko yangu."

"Nimeyaona, mama. Lakini kazi ya kukupa au kutokukupa hupangwa na mwajiri, mimi napima nyenzo. Ingekuwa hii ruhusa imefunguliwa kwa ajili yangu tu, hapo ningekuwa na la kuandika, ningeagiza urudishwe dawati lako." Akageuka. "Fundi. Huyu mtumiaji ana ruhusa hii tangu lini?"

Ovelar hakumtazama Eulalio. Hakuhitaji. Aliangalia saa yake tu.

Ña Obdulia ndiye aliyemtazama. Alimtazama bila kumsihi, kama siku ile kanisani alipomkabidhi mtoto, akihakikisha kwamba ameshika vizuri.

"Tangu mwanzo," Eulalio alisema.

"Bila kukatika?"

"Kulikuwa na hitilafu ndogo. Tumeirekebisha."

"Ndivyo?" Ña Obdulia alimuuliza. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Kompadre, ndivyo?"

Eulalio aliangalia waya alizozifunga mwenyewe jana. "Ndivyo, Bi. Benítez."

Doktora Cantero alisita kidogo, kama aliyesikia neno moja limetoka mahali pake, kisha akaandika sentensi ya mwisho, akaisoma kwa sauti kama sheria inavyotaka: mtumiaji ana ruhusa ya kutosha ya kuhifadhi na kuchapisha, malalamiko yamefungwa. Aliwaaga kwa heshima, akaliwahi basi lake.

Ovelar alibaki nyuma kidogo. "Ña Obdulia, mimi ni kama mwanao," alisema kwa upole. "Usijitese. Kuna njia ya heshima. Barua fupi tu, mistari miwili. Na sasa printa unayo."

Akaondoka akipiga mluzi. Eulalio alikuwa bado yuko penye stoo ya majeneza, hajui aende wala arudi.

"Komadre, nielewe."

"Nimekuelewa tangu jana. Ndiyo maana nilikuuliza jana."

"Wameniambia nifute ruhusa jioni hii."

"Futa, basi. Ni kazi yako." Akampita, halafu akasimama, maana kuna mambo ambayo mwili hufanya wenyewe. "Mabel hajambo?"

"Hajambo," Eulalio alisema, macho yakamjaa. Ña Obdulia hakumngoja ayafute. Alienda kuweka kidole kwenye mashine.

*

Alipofika nyumbani Ña Pabla alikuwa ameshaondoka. Jua lilikuwa bado lipo dirishani. Cirilo alikuwa amejipangusa mdomo mwenyewe kwa mkono mzima, tayari kwa habari.

"Haya. Ile kompyuta mpya imefanya nini leo?"

Alivuta kiti. Alikuwa njiani ametunga mama mmoja, mwenye watoto watatu na mume mvuvi wa mtoni, lakini alipofungua mdomo mama yule hakutoka.

"Cirilo, sina dawati."

"Limeenda wapi?"

"Walininyang'anya Desemba. Niko friza. Leo ilikuwa siku ya kunitoa, na sijatoka." Akamweleza yote, moja kwa moja, bila kupamba: chumba, kompyuta, mkaguzi, Eulalio, barua ya mistari miwili. Alisema kama anayesoma orodha ya manunuzi, kwa kuogopa kwamba akisita atalia.

Mkono mzima wa Cirilo ulikuwa unakunja na kukunjua ncha ya shuka.

"Kwa hiyo yule mama wa Potrero," akasema hatimaye. "Yule wa mapacha."

"Hayupo."

"Na mapacha?"

"Hawapo, Cirilo. Nilikuwa nakutungia."

"Yule mdogo, aliyekuwa hanyonyi. Ulisema mmempatia maziwa."

"Hakuna mtoto."

Jicho lake la kushoto likajaa, lile la kulia siku hizi lilikuwa linatoa machozi hata bila sababu, kwa hiyo ilikuwa vigumu kujua mwanzo na mwisho wa kilio chake. "Nilikuwa namwombea," alisema. "Kila jioni. Nilikuwa nikisema, mimi nishaishi, huyu kijana bado. Pabla naye nilimwambia amwombee."

Ña Obdulia aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa lawama, hata kwa kiharusi cha pili, lakini si kwa msiba wa mtoto asiyekuwepo. Alijiona kama mtu aliyekwenda kuua nyoka akakanyaga kifaranga. Nje kuku wa jirani walikuwa wakigombana, na kwa muda aliona kwamba sasa hana mtu wa kumsemesha ofisini wala nyumbani, na kwamba hilo la nyumbani kajifanyia kwa mikono yake.

"Barua usiandike," Cirilo alisema ghafla.

"Sitaandika."

"Kaa hapo hapo. Wachoke wao."

"Wao hawachoki. Wao wana tererê na gumzo. Mimi nina ukuta na feni mbovu."

Cirilo aligeuza kichwa kwenye mto, taratibu, mpaka akampata vizuri kwa jicho lake zima.

"Na kesho ukirudi utanisimulia nini?"

"Sina cha kukusimulia. Nimekwambia. Hakuna kitu humo, Cirilo. Ni ukuta tu."

"Basi nisimulie ukuta."

Alidhani anamtania. Alimtazama, akaona hamtanii. Akasogeza kiti karibu zaidi, akawaza kidogo pa kuanzia, kwa sababu ukuta ni mrefu na hakuwahi kuulizwa habari zake na mtu.

"Ni wa kijani," akasema. "Lakini chini, pale maji yanapopanda wakati wa mvua, rangi imebabuka."